Sura ya Tano: Kodi Iliyowekwa Rehani

Mwendesha bodaboda anayesimama kwenye kituo cha mafuta nchini Kenya akatia lita mbili, huwa amelipa shilingi 50 za barabara kabla hajakanyaga gia. Ni tozo ya matengenezo ya barabara, shilingi 25 kwa kila lita ya petroli au dizeli, iliyopanda kutoka shilingi 18 mwezi Julai 2024. Haina dirisha lake la kulipia; imo ndani ya bei. Mwaka 2025 serikali ilipanga kwamba shilingi 7 kati ya hizo 25 zisingojee kukusanywa. Haki ya kuzipokea miaka ijayo ilitolewa kwa wenye fedha, ili zipatikane sasa hivi shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi waliokuwa wakiidai serikali kwa muda mrefu.

Sina ugomvi na makandarasi. Aliyemwaga lami alipwe, maana naye ana vibarua wanaomngoja na benki inayompigia simu. Ninachotaka tukitazame katika sura hii ni ile hatua ya katikati, pale kodi inapoacha kuwa pato la nchi na kuwa rehani ya mtu. Tumezoea kusikia kodi ikitengwa: hii ya barabara, ile ya reli, nyingine ya umeme wa vijijini. Kutenga kuna uzuri wake. Mlipaji anajua jasho lake limekwenda wapi, na waziri hawezi kuamka asubuhi akalihamishia kwenye shughuli nyingine. Lakini kodi iliyotengwa ni kama ng'ombe aliyekwisha kutiwa kamba. Ni rahisi kumwongoza malishoni, na ni rahisi vilevile kumfikisha kwa mdai. Kodi iliyochanganyika na nyingine katika hazina, nani angeikubali kama dhamana? Ile yenye jina lake, akaunti yake na kiwango kinachojulikana kwa kila lita, hiyo inapokewa mara moja.

Na baadhi ya watakaozilipa shilingi zile 7 bado wako shule ya msingi.

Neno rehani tulilipata kwa Waarabu, na pwani limekaa mpaka likawa letu. Mama aliyekwama karo hupeleka bangili kwa jirani, akapewa fedha, na bangili ikalala kabatini mwa watu hadi siku ya kukombolewa. Hapo mambo yako wazi: bangili ni yake, shida ni yake, na hasara ikija ni yake. Shamba la mikarafuu lilikuwa gumu zaidi. Unguja na Pemba, wenye mashamba waliokopa walikuwa wakiwauzia wakopeshaji wao mashamba hayo kwa sharti la hiari ya kukomboa, kisha wakabaki mumo humo kama wapangaji, wakilipa pango kila mwaka kwa miti waliyoipanda wazee wao. Pango hilo ndilo lililokuwa riba, ingawa halikuitwa hivyo. Mtu aliweza kukaa miaka chini ya mikarafuu bila kujua hasa ilikoma kuwa yake siku gani.

Forodha ya Unguja nayo ilikwenda kwa njia inayofanana. Katika karne ya 19 Seyyid Said hakuweka makarani wake mwenyewe kutoza ushuru. Aliikodisha kazi hiyo kwa mfanyabiashara, aliyempa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka na kubaki na ziada. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, India. Nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkopesha Sultani na kufidia madeni kutoka katika kodi ya forodha ambayo bado haijaiva. Kwa hiyo aliyehesabu pembe za ndovu zilizoshushwa ufukweni ndiye aliyekuwa anamdai mtawala, na daftari la deni na daftari la mapato yaliwekwa katika duka moja.

Kisa ambacho kimeandikwa kikamilifu kuliko vyote, hatua kwa hatua na hati kwa hati, ni cha Misri kati ya mwaka 1862 na 1882. Nimekirudia mara nyingi, na kila mara kinanitia uchungu, kwa sababu karibu kila hatua ilikuwa na sababu ya kueleweka siku ilipochukuliwa.

Said Pasha, mtawala wa Misri, alichukua mkopo wa kwanza mkubwa kutoka Ulaya mwaka 1862, kama pauni milioni 3.3 kwenye karatasi. Alifariki mwaka uliofuata, na kiti kikashikwa na Ismail, mwana wa nduguye. Ismail aliingia wakati wa neema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeziba njia ya pamba ya majimbo ya kusini, viwanda vya Uingereza vikawa havina cha kusokota, na bei ya pamba ya Misri ikapaa. Nchi yenye pamba ya bei hiyo ilionekana inakopesheka. Vita vilikwisha mwaka 1865 na bei ikaporomoka, lakini kazi zilizoanzishwa hazikuweza kuporomoka nayo: mifereji ya kumwagilia, reli, madaraja, shule, mitaa mipya ya Kairo, na ule mfereji mkuu wa Suez uliofunguliwa Novemba 1869.

Kila mkopo ulitaka kitu cha kushika. Wa mwaka 1864 ulishika kodi ya ardhi ya mikoa ya Delta. Wa 1866 ulishika reli. Mingine ilishika mashamba ya Ismail na jamaa zake, yale yaliyoitwa Daira. Mwaka 1873 ukaja mkopo wa pauni milioni 32. Zilizofika mikononi ni kama milioni 20, nyingine zikiwa zimeliwa na punguzo na ada njiani, ila riba ilihesabiwa juu ya zile 32. Kufikia hapo kulikuwa na vichache vilivyobaki bila kamba shingoni.

Jambo moja katika hesabu hii huwa linanisimamisha. Misri ilikuwa bado chini ya dola ya Uthmaniya, na kila mwaka ilipeleka Istanbul ushuru wa utii. Ushuru huo nao haukuwa huru. Mwaka 1854 Sultani alipokopa London kwa ajili ya Vita vya Krimea, dhamana aliyoitoa ni huo ushuru wa Misri. Mkulima aliyekuwa akichota maji kwa shadufi karibu na Asyut alikuwa amewekwa rehani mara mbili, na watawala wawili, katika barua ambazo hakuna aliyemsomea.

Fedha za nje zilipozidi kuwa ghali, Ismail aliwageukia watu wake. Sheria ya Muqabala ya mwaka 1871 ilimwambia mwenye ardhi: lipa leo kodi ya miaka sita, na kuanzia hapo utalipa nusu tu, wewe na warithi wako, milele. Tuitazame vizuri. Hapa serikali haikuiweka kodi rehani kwa mgeni, iliiuza kwa mlipaji mwenyewe. Wenye ardhi walikopa ili walipe, wengine wakauza mifugo. Ilikuwa ahadi iliyoandikwa kwa jina la mtawala, na tutaona ilivyotendewa.

Mwaka 1875 kitu cha thamani kilichobaki kilikuwa hisa za Misri katika kampuni ya Mfereji wa Suez, 176,602 kwa jumla. Waziri Mkuu wa Uingereza, Disraeli, alizinunua mwezi Novemba kwa karibu pauni milioni 4, akikopa fedha hizo kwa akina Rothschild. Vitabu vingi vinaishia hapo, kwa mshangao wa bei. Mimi naona lililo zito zaidi liko kwenye kuponi. Gawio la hisa hizo lilikuwa limekwisha kutolewa kwa kampuni ya mfereji hadi mwaka 1894, kwa hiyo mnunuzi alikuwa ananunua mti usiozaa kwa miaka 19. Ili mauzo yakubalike, Misri iliahidi kuilipa Uingereza asilimia 5 ya bei kila mwaka mpaka mwaka huo ufike. Muuzaji akawa anamlipa mnunuzi kwa kitu alichokwisha kumuuzia. Wazee wa mashamba ya karafuu wangeuelewa mkataba huo bila mkalimani.

Tarehe 8 Aprili 1876 malipo yalisimama. Mwezi uliofuata madeni yaliunganishwa kuwa karibu pauni milioni 91, na ikaundwa taasisi iliyobadilisha maana ya serikali nchini Misri: Sanduku la Deni la Umma. Makamishna wake waliteuliwa na mataifa ya Ulaya, na mwaka 1877 akajiunga nao Mwingereza Evelyn Baring, yule ambaye baadaye aliitwa Lord Cromer na kuitawala nchi nzima. Mwezi Novemba 1876 walikuwa wameshafika George Goschen kwa niaba ya wadai wa Kiingereza, ambaye nyumba ya familia yake ilikuwa imeshughulikia mikopo ya awali ya Misri, na Joubert kwa niaba ya Wafaransa. Walipanga upya kila kitu. Reli na bandari ya Aleksandria ziliwekwa chini ya bodi ambayo wageni walikuwa wengi, ziwe dhamana ya deni la daraja la kwanza la pauni milioni 17. Deni kubwa, lililoitwa la pamoja, lilipewa mapato ya mikoa minne mizima, Gharbiyya, Menufiyya, Beheira na Asyut, pamoja na forodha, na ushuru wa bidhaa zilizoingia Kairo na Aleksandria.

Msomaji wa Mombasa ameshaona kwa nini nimesimama kwenye neno bandari. Tangu mwaka 2018 watu wa pwani ya Kenya wamebishana kama bandari yao iliwekwa dhamana kwa mkopo wa China uliojenga reli ya kisasa hadi Nairobi, nayo serikali imekana mara kwa mara. Mabishano yalikuwa juu ya gati na kreni, nami nadhani kelele hizo zilifunika jambo jingine: tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa, na mkataba uliolifunga shirika la bandari kuhakikisha reli inapata shehena. Mkopeshaji mwenye akili hana haja ya kreni. Atazipeleka wapi? Anachokitaka ni mkondo wa fedha, na mahali pazuri pa kukaa ni pale mkondo unapopita.

Kairo, wadai walikaa hapo hapo. Watoza kodi wa mikoa minne waliagizwa wapeleke makusanyo moja kwa moja kwa Sanduku, wala risiti ya Waziri wa Fedha haikutosha tena kuwaondolea dhima. Ilitakiwa ya makamishna. Huo ndio ufundi wa rehani ya kodi. Mdai hakuhitaji kumwamini mtawala, kwa kuwa fedha hazikupita tena mikononi mwa mtawala. Na kwa sababu hakuhitaji kumwamini, hakuwa na sababu ya kumsikiliza.

Kisha mto ukashuka.

Kiangazi cha mwaka 1877 Naili haikufurika ilivyozoeleka. Misri haina mvua ya kutegemea. Mafuriko yakikosa, mashamba ya Misri ya Juu hubaki vumbi. Nchi yenye bajeti ya kawaida, ikipatwa na mwaka kama huo, hulegeza kila mahali kidogo: kodi husamehewa huku, mshahara huchelewa kule, mdai huombwa asubiri. Misri haikuwa na pa kulegeza. Fungu la mdai lilikuwa limetolewa kwanza, kamili, na ukame wote ukalazimika kubebwa na kilichobaki. Kuponi ya Mei 1878, yaani malipo ya riba, ilitakiwa kwa wakati. Baring mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha baadaye jinsi fedha zilivyopatikana: mapasha wawili wenye mkono mzito walipelekwa mikoani, wakiongozana na wakopeshaji ambao kazi yao ilikuwa kununua mazao ya wakulima yangali shambani, kwa bei ya aliyeshikwa koo, ili mkulima apate sarafu ya kumpa mtoza kodi aliyesimama kando. Aliyekosa alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko. Kwetu sisi Waswahili jina la mnyama huyo limekuwa jina la mjeledi wenyewe, na sijapata kulisoma tukio hili bila kulifikiria neno hilo.

Kuponi ililipwa. Katika Misri ya Juu watu walikufa kwa njaa kwa maelfu mwaka huo. Wanawake na watoto walionekana wakitembea kijiji hadi kijiji wakitafuta chochote cha kutia mdomoni.

Simlaumu mwenye hati fungani wa London kwa kila kitu. Huenda alikuwa mjane aliyewekeza akiba yake, na hakuna aliyemwambia Naili ni nini. Lakini hapo ndipo mpango huu unapokuwa wa kutisha: ulijengwa kusudi ili asihitaji kujua. Mkopeshaji wa kijijini humwona mdaiwa wake akikonda. Akitaka kumnyang'anya mbuzi wa mwisho, atakutana naye kisimani kesho yake. Mkopo uliofungwa kwenye kodi ya mkoa hauna kisima.

Waliofuata kuumia walikuwa watumishi wa serikali, kwa sababu mishahara ilikuwa katika lile fungu lisilofungwa. Mwanzoni mwa mwaka 1879 maofisa wa jeshi wapatao 2,500 waliondolewa kazini ili kupunguza gharama, huku malimbikizo ya mishahara yao yakiwa hayajalipwa. Tarehe 18 Februari walikusanyika Kairo na kumvamia barabarani Waziri Mkuu, Nubar, pamoja na Waziri wa Fedha, Mwingereza Rivers Wilson. Miezi minne baadaye, kwa shinikizo la mataifa ya Ulaya, Sultani alimwondoa Ismail, na mwanawe Tewfik akawekwa mahali pake.

Sheria ya Ufilisi ya Julai 1880 ilikuja kunyoosha mambo, na kwa namna fulani iliyanyoosha. Riba ya deni kubwa ilishushwa hadi asilimia 4. Mapato yote ya nchi yaligawanywa makapu mawili, moja la wadai, jingine la serikali. Na Muqabala? Ilifutwa. Wenye ardhi waliolipa miaka sita mbele ili wapate nusu ya kodi milele walirudishwa kwenye kodi yao kamili, wakapewa kifuta jasho cha pauni 150,000 kwa mwaka, zigawanywe kwa wote, kwa miaka 50. Ahadi mbili ziliandikwa na serikali moja. Ile aliyopewa mgeni ilikuwa na makamishna wa kuilinda. Ile aliyopewa mwananchi ilikuwa na muhuri tu.

Ndiyo maana sikubali Ahmed Urabi, ofisa wa jeshi la Misri, na wenzake wasimuliwe kama askari waasi waliokasirikia mishahara. Januari 1882 Baraza la Wajumbe la Misri lilidai haki ya kupigia kura bajeti. Walikuwa waangalifu mno. Hawakudai kugusa kapu la wadai. Waliomba wapige kura juu ya ile nusu nyingine tu, iliyobaki kwa serikali. Wadhibiti wa Kiingereza na Kifaransa, waliosimamia fedha za nchi, walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba nusu isiyofungwa ikiendeshwa vibaya, nusu iliyofungwa nayo itatetereka. Ukifuata hoja hiyo, hakuna sehemu ya nchi iliyo nje ya rehani. Aliyeshika forodha atataka kujua askari ni wangapi. Akijua askari ni wangapi atataka kujua shule zinagharimu nini. Tarehe 11 Julai manowari za Uingereza ziliipiga Aleksandria mizinga, na tarehe 13 Septemba jeshi la Urabi likavunjwa Tel el-Kebir.

Makapu mawili yalibaki hata baada ya Waingereza kushika kila ofisi, nao wenyewe wakayakuta ni mzigo. Chini ya makubaliano ya London ya mwaka 1885, serikali ya Misri ikitaka kutumia pauni moja zaidi ya kiwango kilichokubaliwa, ilibidi itoze mbili, kwa kuwa moja ingeangukia Sanduku. Hospitali ya pauni elfu ilikuwa na bei ya elfu mbili kwa mlipa kodi. Mwaka 1896, Misri ilipochota pauni 500,000 za akiba ya Sanduku kwa ajili ya vita vya Sudan, makamishna wa Ufaransa na Urusi walipinga, shauri likafika kwenye mahakama za mchanganyiko, zenye majaji wa Kimisri na wa kigeni, na fedha zikaamriwa zirudishwe. Uingereza ilikuwa na majeshi Kairo, na bado hati ya deni ilikuwa na nguvu kuliko majeshi hayo.

Makubaliano ya Waingereza na Wafaransa ya mwaka 1904 yalilegeza kamba, na Misri ikaruhusiwa kutumia sehemu kubwa ya mapato yake kwa mpango wake. Makamishna waliendelea kukaa ofisini, na deni likaendelea kulipwa. Sanduku la Deni la Umma lilifungwa rasmi mwaka 1940. Mtoto aliyezaliwa Misri ya Juu mwaka ule Naili iliposhuka, kama aliponyoka njaa, alikuwa ametimiza miaka 63.